Kitabu cha Shangazi: Tarikhi ya Kiajemi Iliyobaki Nakala Moja

Leo tunaweka pembeni hina, udi na vitambaa, tukae kitako na kitabu. Ni tarikhi ya wafalme, lakini msikimbie. Hii imeandikwa na mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba, na humo mna zile habari ambazo wanawake ndio wanaozijua: nani aliposwa akakataa, nani alikaa upande gani siku ya harusi, mtoto wa nani alipotea njiani.

Ukikiona kwa macho hakitakushitua. Vile vitabu vya Kiajemi vyenye picha na nakshi za dhahabu tunavyovipenda kwenye simu zetu, hiki si katika hivyo. Hakina picha hata moja. Karatasi zake zimepita themanini kidogo, nyingine zimechomoka zikapotea, nyingine zilitiwa uzi bila kufuata mpangilio wake, na mwisho wake umekatika. Kipo London, katika maktaba ya British Library, na alama yake ni Or. 166. Ndiyo nakala pekee inayojulikana duniani. Lau ingeliwa na mchwa au kutumbukia majini, leo tusingekuwa na habari hizi.

Mwenyewe aliyekitunga ni Gulbadan Begum, binti wa Babur, yule mfalme aliyetoka Kabul akaiteka Delhi mwaka 1526 na kuanzisha dola ya Wamoghuli katika India. Jina lake ni la Kiajemi: gul ni waridi, na badan hatuna haja ya kutafsiriwa, maana badani tunayo. Kiajemi hakiko mbali nasi kama tunavyodhani. Bandari, serikali, diwani, bakhshishi, yote hayo yametoka huko yakafika pwani yetu na majahazi. Lakini lugha aliyolelewa nayo Gulbadan ilikuwa Kituruki cha kwao, na kitabuni mwake maneno ya Kituruki yanachungulia kila mahali. Kiajemi chake ni cha mtu anayezungumza, si cha karani wa ikulu anayetaka kusifiwa.

Alizaliwa Kabul mnamo 1523. Mama yake mzazi alikuwa Dildar Begum, lakini alipofika miaka miwili alichukuliwa na mke mkubwa, Maham Begum, mama yake Humayun, akalelewa naye. Kaka yake wa tumbo moja, Hindal, naye alichukuliwa na Maham. Wale mnaotoka kwenye nyumba za wake wengi mnaweza kuyapima haya wenyewe. Gulbadan hakuandika malalamiko. Lakini Maham alipofariki, aliandika jinsi alivyolia na kujiona mpweke, kisha akarudi kwa mama yake mzazi akiwa msichana wa miaka kumi hivi. Amewapenda mama wote wawili na hakuficha.

Sasa kitabu kilianzaje? Mfalme Akbar, mtoto wa Humayun, alitaka iandikwe historia kubwa ya dola yake, na kazi hiyo akampa mwanachuoni wake Abu'l Fazl. Historia hiyo ilihitaji habari za babu na baba, na wengi waliowaona walikuwa wameshazeeka. Basi mnamo 1587 ikatoka amri kwamba kila anayekumbuka aandike. Waliitikia watu wa aina aina. Jauhar alikuwa mtumishi wa Humayun wa kumshikia birika la maji. Bayazid Bayat alikuwa mtu wa jikoni, msimamizi wa chakula cha mfalme, na kwa vile afya yake ilikuwa mbovu alisema huku karani anaandika. Na shangazi yake Akbar naye akaandikiwa amri kama wengine.

Gulbadan wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na zaidi. Tena alikuwa Hajjati. Mwaka 1575 aliondoka na msafara wa wanawake wa nyumba ya mfalme kwenda Makka, pamoja nao Salima Sultan Begum, mke wa Akbar. Walikwama bandarini Surat karibu mwaka mzima, kwa sababu Bahari ya Hindi wakati ule chombo kilihitaji hati ya ruhusa kutoka kwa Wareno. Mombasa na Kilwa walikuwa wanaujua mkono huo huo tangu 1505, hatuhitaji kuelezwa. Walipofika Hijazi walikaa zaidi ya miaka mitatu, wakahiji mara nne, na kukaa kwao kukawakera watawala wa Uthmaniya hadi zikatoka amri kutoka Istanbul za kutaka warudi kwao. Wakati wa kurudi chombo chao kiliharibika karibu na Aden, wakakaa huko miezi mingi. Walifika nyumbani 1582. Huyo ndiye mwanamke aliyeambiwa aandike anayoyakumbuka. Safari hiyo nzima hakuitia kitabuni, kwani aliombwa habari za baba na kaka, naye akaandika za baba na kaka.

Anaanza kwa unyenyekevu wa kweli. Anasema baba yake alipofariki yeye alikuwa mtoto wa miaka minane, kwa hiyo mengi hayakumbuki vizuri, lakini kwa kutii amri ataandika aliyoyasikia na yaliyobaki kichwani. Kisha anatupeleka safarini kutoka Kabul hadi Agra mwaka 1529, akiwa na miaka sita, kwenda kumwona baba ambaye kwake alikuwa karibu mgeni. Anakumbuka alivyoanguka miguuni pake na Babur akamnyanyua akamkumbatia. Mwaka uliofuata, Desemba 1530, Babur alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo mapenzi yote ya baba aliyoyapata yanaingia ndani ya miezi hiyo michache, na ndiyo maana ameandika mpaka vichekesho. Kuna kisa cha mzee mmoja wa Kabul jina lake Asas, ambaye Babur alimpelekea sarafu moja kubwa ya dhahabu iliyotobolewa tundu, kwa maagizo kwamba afungwe macho kwanza halafu avishwe shingoni. Mzee akachanganyikiwa na uzito ule asijue amevishwa nini, na wanawake wa nyumba nzima wakacheka. Nitajie tarikhi ya mfalme gani yenye kisa kama hicho.

Sehemu ya harusi ya kaka yake Hindal nimeisoma zaidi ya mara moja, na nyinyi mabibi harusi mtanielewa. Bibi harusi alikuwa Sultanam Begum, aliyelelewa tangu ana miaka miwili na Khanzada Begum, dada wa Babur. Khanzada alimpenda kama mwanawe na akamtengenezea vyombo ambavyo, kwa maneno ya Gulbadan, hakuna mtoto yeyote wa baba yao aliyewahi kutengenezewa. Kisha inakuja orodha: matandiko, mito, mapazia, vizibao vilivyotiwa vito, mikufu ya yakuti na ya zumaridi, farasi, vyombo vya dhahabu na fedha. Na kabla ya hapo ameorodhesha waalikwa wa karamu kubwa iliyofanywa na Khanzada huyo huyo, mmoja mmoja kwa jina, aliyekaa kulia na aliyekaa kushoto. Wanaume waliokuja kukisoma kitabu hiki baadaye wengine waliziona orodha hizo za kuchosha. Lakini wewe uliyewahi kushika daftari la shughuli, lile la kuandika nani kaja na nani kaleta nini, unajua kwamba hapo ndipo historia yenyewe ilipo. Nani alikuwa karibu na nani, nani alikuwa na nguvu, nani alikuwa mjane anayetunzwa, yote yamo kwenye mpango wa kukaa. Hata wanawake wawili waliokuwa wakivaa mavazi ya kiume, wakijua kutupa mishale, kucheza mpira wa farasi na kupiga ala za muziki, Shad Begum na Mihrangiz Begum, amewataja pale pale kati ya waalikwa bila kushangaa wala kuwasema.

Furaha haikudumu. Mwaka 1539 Humayun alishindwa vita na Sher Khan huko Chausa, kando ya mto Ganga, na katika mtafaruku ule wanawake na watoto walikuwa kambini. Vitabu vingine vya zama zile vinahesabu majeshi. Gulbadan anahesabu waliopotea. Aqiqa, binti wa Humayun, mtoto wa miaka minane hivi. Chand Bibi, mwenye mimba ya miezi saba. Shad Bibi. Walitafutwa sana, hawakuonekana wazima wala maiti. Ameandika majina yao na hatuna kaburi lao jingine.

Na sasa Hamida. Hapa ndipo ninapotaka mtulie.

Mwaka 1541 Humayun alikuwa mfalme asiye na nchi, anatangatanga Sindh na watu wachache. Alikwenda kambini kwa Hindal kumwamkia Dildar Begum, na katika mkusanyiko wa wanawake akamwona binti wa mwalimu wa Hindal, Hamida Banu, mwenye umri wa miaka kama kumi na minne. Kwa hesabu zetu za leo ni mtoto wa shule. Mfalme akasema anamtaka. Hindal akaghadhibika: binti huyu kwake ni kama dada na kama mwana, na tena mfalme mwenyewe hana kitu, mahari ya kuridhisha ataitoa wapi? Humayun akanuna akaondoka. Dildar akaandika barua ya kumrudisha na kumtuliza.

Wakubwa wamepatana, basi? Hapana, kwa sababu Hamida mwenyewe hakutaka. Alipoitwa tena kuja kumwamkia mfalme, alijibu kwamba ameshafika mara moja kutoa heshima, na kwa mtu asiye maharimu wake hakuona ruhusa ya kurudi mara ya pili. Mjumbe akarudi na jibu hilo. Alikaa siku arobaini akikataa. Dildar akamwambia kwamba mwishowe ataolewa na mtu, na ni nani aliye bora kuliko mfalme? Hamida akakubali kwamba ndiyo, ataolewa na mtu, lakini awe mtu ambaye mkono wake utamfikia shingoni, siyo aliye juu hata pindo la nguo yake halishikiki.

Binti wa miaka kumi na minne, karne ya 16, mbele ya mfalme na wazee wa kambi nzima. Alijua kabisa alichokuwa anakikataa, na alikisema kwa adabu ambayo haikuacha mlango wa kumkasirikia. Mwishowe alikubali, baada ya nasaha nyingi za Dildar. Siku hiyo, katika Jumada al-Ula mwaka 948 Hijria, Humayun alishika kipimo cha nyota kwa mkono wake mwenyewe akatafuta saa njema, akamwita Mir Abu'l Baqa kufungisha ndoa, na zikatolewa laki mbili taslimu kwa ajili ya nikaha ile. Mfalme aliyesemwa kuwa hana cha kutoa mahari alizipata wapi, mwandishi hakutwambia.

Sasa angalieni. Gulbadan hakuwepo. Mwaka ule yeye alikuwa Kabul. Habari hii aliipata kwa Dildar, ambaye ni mama yake mzazi na ndiye aliyekwenda na kurudi baina ya pande mbili, na kwa Hamida mwenyewe, wifi yake, ambaye walizeeka pamoja kama mtu na dada yake. Alipokuwa anaandika, huyo Hamida alikuwa hai, ni mama wa mfalme, mwanamke mkubwa kuliko wote katika dola. Katika historia ya Abu'l Fazl, Hamida anatajwa kwa maneno marefu ya kumtukuza. Siku arobaini za kukataa tunazipata kwa Gulbadan. Naona wazi kwamba Hamida alizisimulia mwenyewe na hakuzionea haya, na mimi nampenda zaidi kwa hilo kuliko kwa cheo chake.

Ndivyo ilivyo pia habari ya safari ya Uajemi. Humayun na Hamida walipokimbilia kwa Shah Tahmasp, walipita milima ya theluji usiku bila chakula. Farasi akachinjwa, na kwa kuwa hakukuwa na sufuria, nyama ikachemshwa ndani ya kofia ya chuma ya askari, nyingine ikachomwa. Mtoto wao Akbar, aliyezaliwa Umarkot Oktoba 1542, walikuwa wamelazimika kumwacha nyuma, akaangukia mikononi mwa ami yake. Mama kamwacha mtoto wa mwaka mmoja na kitu, hajui atamwona tena. Aliungana naye Kabul mwaka 1545.

Kuna jambo jingine dogo kitabuni ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kitabu chote. Kamran, kaka mwingine wa baba mmoja, alipouasi utawala wa Humayun na kuishika Kabul, alimtaka Gulbadan amwandikie barua mumewe, Khizr Khwaja Khan, amvute upande wake. Gulbadan akajibu kwamba mumewe hautambui mwandiko wake. Yeye hajapata kumwandikia hata mara moja, naye Khizr akiwa safarini huleta salamu kwa barua za watoto. Kama Kamran ana la kusema, aandike mwenyewe. Sijui kama yale yalikuwa kweli au ni ujanja wa mwanamke aliyebanwa na kaka mwenye upanga, na nina dhana yangu. Lakini huyo aliyesema mwandiko wake haujulikani hata kwa mumewe ndiye tunayemsoma leo.

Na alikuwa mtu wa vitabu. Kile kitabu cha Bayazid wa jikoni kilipokamilika kilinakiliwa nakala tisa: mbili kwa maktaba ya mfalme, tatu kwa wana wa mfalme, mbili kwa Abu'l Fazl, moja ya Bayazid mwenyewe, na moja kwa maktaba ya Gulbadan Begum. Kumbe alikuwa na maktaba yake, na ilijulikana kiasi cha kuhesabiwa kwenye mgao pamoja na ya mfalme. Abu'l Fazl hakumtaja miongoni mwa waliompa habari, na kitabu chake hakikupata umaarufu ule wa vitabu vya wanaume.

Gulbadan alifariki Februari 1603, umri wake miaka themanini, na Hamida alikuwa kando ya kitanda chake. Akbar alilibeba jeneza la shangazi yake kwa bega lake kwa sehemu ya njia. Mwaka uliofuata Hamida naye akamfuata.

Baada ya hapo kitabu kikaingia gizani. Nakala tuliyo nayo huhesabiwa kuwa ya karne ya 17, maana yake mtu fulani, baada ya mwenyewe kuondoka, aliona inafaa kukaa chini kuinakili. Maktaba ya Wamoghuli ilikuwa miongoni mwa kubwa za dunia, lakini maktaba nayo ina ajali zake kama mtu. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliipora Delhi na kuondoka na mali isiyohesabika, vitabu vikiwemo. Kisha ikaja 1857, maasi makubwa dhidi ya Waingereza, Delhi ikavunjwa, Lucknow ikavunjwa, nyumba za wakubwa zikamwagwa barabarani. Vitabu vilivyokaa vizazi kwenye masanduku ya familia vikawa vinauzwa sokoni. Waliokuwa na fedha za kununua walikuwa ni hao hao maofisa wa Kiingereza.

Mmoja wao alikuwa Kanali George William Hamilton. Huko Delhi na Lucknow alikusanya hati zaidi ya elfu moja. Alipokufa, mjane wake akabaki nazo, na mwaka 1868 jumba la British Museum likachagua hati 352 lililoziona bora, likazinunua kwake. Kitabu cha Gulbadan kilikuwa ndani ya hizo 352. Fikiri kama kingekuwa upande wa zile zisizochaguliwa. Baadaye Charles Rieu alitengeneza orodha ya hati za Kiajemi za jumba hilo, mabuku matatu yaliyotoka kati ya 1879 na 1883, na humo kitabu kikapata jina na maelezo yake.

Nina neno kidogo hapa. Tarikhi ya Abu'l Fazl yenyewe, ile rasmi, ina nakala moja ya fahari yenye picha 116 zilizochorwa na wachoraji wa Akbar. Hiyo nayo ilichukuliwa India na ofisa wa Kiingereza, Meja Jenerali John Clarke, na mwaka 1896 ikauzwa kwa jumba la makumbusho lililo London, linaloitwa leo Victoria and Albert, na nani? Na mjane wake. Waume walikusanya huko Mashariki, wajane wakauza huku, na vitabu viwili vilivyozaliwa ikulu moja vikakutana tena mji mmoja wa mbali, kimoja kikiwa na dhahabu, kimoja bila. Mtu akiniuliza kama ni haki vikae huko, nitasema hapana moyoni mwangu. Lakini pia najua vingapi vilivyobaki majumbani viliishia kufungia kashata.

Kuorodheshwa siyo kusomwa. Kitabu kilikaa tena kwenye rafu mpaka akaja Annette Beveridge. Huyu alikuwa Mwingereza aliyezaliwa 1842, akaenda Calcutta mwaka 1872 kufungua shule ya wasichana, akaolewa na hakimu Henry Beveridge. Si mtu wa kumsifia kila kitu: mwaka 1883 ulipoletwa mswada wa kuwaruhusu mahakimu wa Kihindi kuwahukumu Wazungu, yeye alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa maneno makali. Masikio yake yalizidi kuwa mazito kadiri alivyozeeka, na Kiajemi alijifunza akiwa mtu mzima mwenye watoto. Mumewe alikuwa anatafsiri ile tarikhi ya Abu'l Fazl. Yeye akaichukua ya Gulbadan.

Alikuta kazi ya kushona nguo iliyofumuka. Alipanga upya karatasi zilizovurugika, akaonyesha palipopungua, akawatafuta wanawake waliotajwa mmoja mmoja kwenye vitabu vingine akatengeneza orodha ya maisha yao: huyu mama yake nani, yule aliolewa na nani, yule alizikwa wapi. Mwaka 1902 kikachapishwa, matini ya Kiajemi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miaka mia tatu kasoro mmoja tangu Gulbadan azikwe, kitabu chake kikaweza kusomwa na mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuingia chumba cha hati. Tangu hapo wanahistoria, na khasa wanawake wa Kihindi na Kipakistani, wamekirudia mara kwa mara, na kila wanapokirudia wanakuta jingine ndani yake.

Kitu ambacho Beveridge hakuweza kukirudisha ni mwisho. Ukizifuata karatasi za mwisho unakuta majonzi juu ya majonzi. Mwaka 1551 Hindal, yule kaka wa tumbo moja, aliuawa usiku katika kuzuia shambulio la Kamran. Gulbadan anaandika kwamba laiti upanga ule ungemfikia yeye mwenyewe, au mwanawe, au hata mumewe. Mwanamke kuandika hivyo, mume akisoma je? Aliandika. Kisha Kamran anakamatwa, wakubwa wa dola wanamwambia Humayun kwamba ufalme na undugu wa namna hii haviwezi kukaa pamoja, na mwaka 1553 Kamran anatiwa upofu. Mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya watu wa kaka yake, na aliyefanyiwa alikuwa kaka yake pia, yule aliyetaka barua.

Sentensi inayofuata inaanza, na kabla haijafika popote karatasi inakwisha. Kurudi kwa Humayun Delhi mwaka 1555 hakumo. Kifo chake Januari 1556, alipoteleza kwenye ngazi za maktaba yake baada ya kusikia adhana, hakimo. Gulbadan aliishi miaka hamsini mingine baada ya habari ile ya Kamran, lakini katika karatasi tulizonazo anaishia hapo, Kabul, mwenye umri wa miaka thelathini.